Igongwe ardhi kabla ya kujenga soko la mpakani

Mfanyabiashara anayevusha matikiti hanunui kwa macho tu. Huligonga tunda, akasikiliza mlio wake, ndipo akatoa fedha. Serikali za Afrika Mashariki nazo zinapaswa kuigonga ardhi kabla ya kujenga masoko na maghala ya mpakani.

Sababu ipo. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu wasiopungua 16 walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika na mtikisiko ukasikika hadi Uganda, Rwanda na Kenya. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mfululizo wa matetemeko ulipasua majengo ya Goma na ya Rubavu, ng'ambo ya mpaka. Tetemeko haliulizi pasipoti.

Hata hivyo, haliumizi kila kiwanja sawasawa. Mwaka 1985 tetemeko lililotokea zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City liliangusha maghorofa yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale. Maeneo ya jiji hilo yenye mwamba yalipata madhara madogo.

Tofauti hiyo hupimika. Wahandisi hupima kasi ya mawimbi ya mkato, yaani yale yanayoyumbisha ardhi upande kwa upande yakisonga mbele, na kutafuta wastani wake hadi kina cha mita 30. Kwenye mwamba kasi huzidi mita 800 kwa sekunde. Kwenye udongo laini sana hushuka chini ya mita 180. Mawimbi yanapopunguza kasi hivyo, mtikisiko huongezeka.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Vinasa mtetemo huchomekwa ardhini kwa mstari, fundi hupiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa, na kompyuta husoma safari ya mawimbi. Hakuna haja ya kuchimba.

Wapo wakandarasi wanaoridhika na makadirio: huhesabu mapigo yanayozamisha bomba la kupimia udongo, kisha hukokotoa kasi kwa fomula. Makadirio yana nafasi yake, lakini fomula nyingi zilitokana na udongo wa kwingine, kama Japani. Kukadiria uzito wa gunia si sawa na kuliweka kwenye mizani.

Watakaolalamikia gharama wakumbuke nani hulipa jengo likianguka. Ni mama aliyekopa kununua mitumba, na kijana aliyehifadhi mahindi ya msimu mzima humo.

Kwa hiyo kipimo hiki kiandikwe katika kila zabuni ya soko la mpakani, na matokeo yabandikwe ubaoni pamoja na viwango vya ushuru. Udongo ukiwa laini, msingi na idadi ya ghorofa vibadilishwe. Anayelipa kodi ya kibanda ana haki ya kujua kimesimama juu ya nini.