Wimbo Ukatike, Watoto Watimue Mbio

Mjadala wa dakika umetuchosha. Kila kikao kuhusu michezo shuleni siku hizi huzunguka dakika 60 za mazoezi kwa siku zilizo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: zipatikane wapi, zimegwe kwenye kipindi gani, nani azisimamie. Wanaozinukuu huruka sehemu nyingine ya mwongozo huohuo wa 2020, inayotaka mtoto ahemeshwe hasa angalau siku tatu kwa wiki. Mapitio ya Cochrane ya 2021, yaliyokusanya tafiti 89 za programu za shuleni, yalikuta kwamba dakika za watoto karibu hazikuongezeka, ila uwezo wao wa kutumia oksijeni huenda ulipanda kidogo. Wengi wameliita hilo anguko. Mimi naliona swali tulilolikwepa: hizo dakika chache, mtoto alikimbia kwa makali gani?

Ndiyo maana natetea mchakamchaka, zile mbio za alfajiri za kuimba shuleni, na nataka tuubadili. Wote hukimbia, mwenye viatu na asiye navyo, bila mpira wala ada. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA hutupatia mabingwa, lakini wanafunzi walio wengi hawachaguliwi timu yoyote. Mchakamchaka ni wao. Kasoro yake iko kwenye wimbo. Kwa kipimo cha mazungumzo tunachokifundisha vyuoni, anayefanya mazoezi ya wastani huweza kuongea lakini hawezi kuimba. Wa mazoezi makali hutoa maneno machache kisha huvuta pumzi. Sasa tazameni watoto wetu alfajiri, wanaitikia kiitikio kizima kwa sauti kamili! Mwimbishaji anawashikia breki bila kujua. Waimbe mzunguko mmoja, filimbi ilie, wimbo ukatike, watimue mbio kwa dakika moja, kisha wimbo urudi hadi kifua kitulie. Warudie hivyo mara kadhaa. Mwalimu wa zamu analiweza hili kesho asubuhi, bila kusubiri waraka.

Katika toleo hili, makala ya kwanza inaeleza jinsi ya kuendesha kwenye uwanja wa vumbi jaribio la mbio za mita 20 la Luc Léger, linaloanza na kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongeza nusu kilomita kila dakika. Isomeni mkiwa na filimbi na kamba ya kupimia. Ya pili inarejea utafiti wa Larsen na wenzake wa 2005 juu ya vijana wa Kinandi: baada ya wiki 12 za mazoezi, wa kijijini na wa mjini wote walipanda uwezo wa kutumia oksijeni. Wanaodai kwamba watoto wa mjini wamekwisha haribika waanzie hapo. Makala kuhusu programu ya shuleni ya Daily Mile, iliyoanzia Stirling, Uskoti, mwaka 2012, imeandikwa vizuri, ingawa dakika 15 za kila mtoto kwa mwendo wake hazijanishawishi. Ya mwisho inahusu wasichana na sare za michezo. Wakuu wa shule waisome kabla ya kushona nyingine.

Walimu, pimeni darasa zima kwa jaribio la Léger mwanzoni na mwishoni mwa muhula, mtuletee matokeo. Tutayachapa, hata yakiupinga mchakamchaka wangu.