Spirulina: tupime chumvi kabla ya kusifu unga

Bwaki, ndiyo kwashiorkor, wakaaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa. Ndiyo maana unga wa kijani wa spirulina unasifiwa sana kwetu: ukilimwa vizuri, asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake mkavu ni protini. Tatizo liko kwenye maneno hayo mawili, «ukilimwa vizuri».

Mwani huu mdogo (wanasayansi wanauweka upande wa bakteria, lakini tuliache hilo) unapenda maji ya magadi. Huko Kanem, kando ya Ziwa Chadi, akina mama wanauchota kwenye vidimbwi vya namna hiyo na kuukausha. Kichocheo cha maabara kinachofuatwa na wengi kinatia karibu gramu 17 za bikaboneti katika litre moja ya maji, lakini chumvi ya jikoni gramu 1 tu. Hizo mbili si kitu kimoja.

Kiangazi kikifika, maji ya bwawa yanapanda na jua, chumvi inabaki. Mlimaji akijaza kwa mchanganyiko mpya badala ya maji matupu, chumvi inarundikana. Hapo spirulina inatumia nguvu zake kusukuma sodiamu nje na kutengeneza sukari za kuzuia maji yasiitoroke. Inakua polepole, protini inashuka, sukari inapanda. Kwa macho, bwawa bado ni la kijani, na bei ya unga ni ileile.

Kuna mwani unaofaidika na chumvi: Dunaliella, ikibanwa na maji makali, inajaza karotini inayotengeneza vitamini A. Lakini anayelisha mtoto wa bwaki anatafuta protini. Tena mwili wa mtoto huyo tayari umebeba sodiamu kupita kiasi. Unga usiosuuzwa vizuri unamwongezea.

Serkali, kupitia PRONANUT na OCC, isiruhusu unga huu kuingia katika vituo vya lishe bila kipimo cha protini na sodiamu kwa kila mavuno, kiandikwe kwenye mfuko. Nayo mashirika yanayogawa mabeseni na mbegu za spirulina yaongeze densimetri, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji. Hakihitaji umeme.