Apdeti Bila Nakala ni Kamari

Vijana wenzangu wa Lemon Gaba na popote mlipo,

Siku hizi kuna wanaosema, "Kompyuta ikiitisha apdeti, ipe tu." Wengine wanapinga: "Usiguse kabisa, inaharibu mashine na inakula bando." Mimi nasema wote wawili wanatupoteza.

Nianze na hawa wa "usiguse". Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu kwenye Windows. Wengi hawakuiweka. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai pesa. Hata hospitali za Uingereza zilikwama. Kwa hiyo kukataa apdeti si ujanja.

Sasa hawa wa "ipe tu". Oktoba 2018 Microsoft haohao walitoa apdeti kubwa ya Windows 10, ikafuta mafaili ya baadhi ya watu mpaka ikabidi isimamishwe. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike iliangusha kompyuta kama milioni 8.5, safari za ndege zikafutwa. Kama makampuni yenye pesa na wataalamu yalianguka, sisi wa laptopu moja watu kumi tunajivunia nini?

Hebu tuulizane, ndani ya laptopu hiyo kuna nini? Skani za vyeti vya shule. Barua za kuomba skolashipu. Picha za makaratasi ya ukimbizi. Mtu aliyekimbia Bukavu au El Fasher hawezi kurudi kesho shuleni kwake kuomba cheti kingine. Halafu tuko Juba, umeme tunaujua. Apdeti ikiwa katikati, jenereta ikanyamaza na betri imekufa, mashine inaweza isiwake tena.

Ati hatuna muda! Kunakili mafaili ya muhimu kwenye flashi si kazi ya siku nzima. Fanya hivi: weka nakala mbili, moja kwenye flashi kwa mtu mwaminifu, nyingine kwenye barua pepe yako mwenyewe. Zifungue uone kama zinasomeka. Jaza chaji, hakikisha bando linatosha. Apdeti ya usalama usiichelewesha ukishapata nakala, lakini toleo jipya zima lisubiri wiki kadhaa, wengine walijaribu kwanza. Na usiguse chochote usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Nataka kundi letu likubaliane: kwenye mashine ya wote, hakuna kubonyeza mpaka kila mwenye faili lake aambiwe na nakala iwepo. Mtakaoniita mwoga, sawa, niiteni. Ila anayebonyeza bila nakala anacheza kamari, na dau aliloweka mezani ni cheti cha mwenzake.