Ni Kawaida Yao

Kuna maneno matatu ambayo yakitamkwa mbele yangu hunipandisha hasira: "Ni kawaida yao." Nimeyasikia maisha yangu yote, yakisemwa juu ya watu na juu ya wanyama, na kila mara msemaji alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe haumwi. Katika kurasa hizi chache nataka kuyashitaki maneno hayo. Shahidi wangu wa kwanza ni mbwa. Najua wapo watakaocheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Mbwa huyo alikuwa buldogi jike, jina lake Bessie. Alikuwa wa jirani yangu hapa Birmingham, mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe. Mwaka 2011 mzee huyo alihamia nyumba ya kutunzia wazee, na huko mbwa hawakuruhusiwa. Akanikabidhi kamba, bakuli na mfuko wa chakula, akaingia garini bila kugeuka nyuma. Mimi niliyekulia Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mbwa ni mlinzi na hulala nje, nikajikuta nina mbwa wa sebuleni, mwenye umri wa miaka miwili, uso wa mikunjo na pua bapa, anayekoroma kunishinda.

Macho yake yalikuwa yakichuruzika machozi tangu siku ya kwanza. Jicho la kulia, ukingo wa kope la chini ulikuwa hauonekani. Ulikuwa umejikunja kwa ndani kama pindo la suruali. Jicho la kushoto lilikuwa kinyume chake: kope limelegea na kuning'inia, na utando mwekundu wa ndani uko nje. Nikampigia simu mzalishaji aliyemuuzia yule mzee. Akacheka kwa upole, akasema ni kawaida yao. Nikaenda kwa daktari wa wanyama. Akamtazama kwa dakika mbili, akaniambia nimpanguse kwa pamba na maji ya vuguvugu, kwa kuwa mbwa wa aina hii ni kawaida yao. Nami, lazima nikiri, nikayapokea maneno hayo kwa furaha kwa sababu hayakunigharimu kitu. Kwa miezi minne nikawa nawaambia wageni wangu maneno yale yale, kama mtaalamu.

Kisha asubuhi moja jicho la kulia halikufunguka. Bessie alikuwa akilisugua kwenye zulia, akinyamaza, akisugua tena. Nilipolifungua kwa vidole nikaona doa la rangi ya maziwa juu ya kioo cha jicho. Hapo hapo nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa na vikope. Asiyeujua ugonjwa huo na aelewe hivi: mtoto huambukizwa vijidudu vya macho kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi, mara nyingi, mwaka baada ya mwaka. Kope hupata makovu kwa ndani. Mtu akishakuwa mtu mzima makovu hukaza, kope hujikunja, na nywele zake hugeukia jichoni. Kila akipepesa, nywele zinakwaruza kioo cha jicho. Bibi alikuwa akikaa mlangoni ameupa mgongo mwanga, kanga imefunika uso, na kibano cha chuma kiko mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mazuri, hivyo kazi ya kung'oa ilikuwa yangu. "Ng'oa, mjukuu wangu, usiogope," alikuwa akisema. Aliniambia ni kama mchanga usiokwisha. Watu waliopita njiani walimwona, wakasalimu, wakaendelea na safari wakisema ni uzee tu, wazee ni kawaida yao. Jicho lake la kulia liligeuka jeupe na kupofuka. La kushoto liliokolewa baada ya kope kupasuliwa na kugeuzwa nje kwa nyuzi. Kazi ile ilikuwa fupi mno. Nilipoiona niliuliza kwa nini haikufanywa mapema, na hakuna aliyenijibu.

Kwa hiyo nilipoliona lile doa sikuhitaji kusoma kitabu kujua kope lililojikunja hufanya nini. Nilihitaji tu kuona aibu, na niliiona.

Lakini sasa angalia jinsi kosa moja linavyozaa la pili. Nilikimbia na mbwa wangu kwenye zahanati nyingine, na huko nikakutana na daktari wa namna tofauti. Alinipa dawa ya kidonda, na hilo alifanya vyema. Kisha akaniambia kope zote nne zipasuliwe, macho yote mawili, na tupange tarehe. Nikamuuliza kwa nini na la kushoto pia. Akajibu, "Buldogi wote huishia huko." Ni maneno yale yale, ila safari hii yameshika kisu! Wa kwanza hakumtazama Bessie kwa sababu ni buldogi. Wa pili naye hakumtazama kwa sababu hiyo hiyo. Nikaomba barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa macho ya wanyama.

Bingwa yule alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi. Alianza kwa kuweka kijikaratasi chembamba ndani ya kope akihesabu dakika moja, kupima machozi. Mbwa mwenye afya hulowanisha milimita 15 au zaidi, na Bessie alifikia. Kisha akatia rangi ya machungwa jichoni, akamulika kwa taa ya buluu, na pale palipokuwa na kidonda pakang'aa kijani. Kisha akatia tone la ganzi, akangoja. Nikauliza la nini. Akanieleza kwamba jicho likiuma mnyama hulikaza, na kule kukaza kwenyewe hukunja kope. Ukiondoa maumivu na kope likarudi mahali pake, basi adui ni maumivu, na kinachotakiwa kutibiwa ni chanzo chake. Lisiporudi, kosa liko katika umbo la kope lenyewe, na hapo dawa peke yake haitatosha. La kulia lilirudi kidogo tu. Akasema, "Hili tutalipasua kidonda kikishatulia."

La kushoto alilichunguza kwa darubini yake muda mrefu. Kope lilikuwa limelegea, na palikuwa na nywele chache zilizoota mahali pasipo pake, laini, zinaelea juu ya machozi bila kuchoma. Kioo cha jicho kilikuwa safi kabisa. Akasema hilo tuliache: machozi ya bandia, kupanguswa kila siku, na kulitazama tena kila baada ya miezi sita.

Mbwa ni mmoja, macho ni mawili, na majibu yakawa mawili. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Anayeamua juu ya kisu si aina ya mbwa, wala sura ya kope, wala uzito wa mfuko wako. Anayeamua ni kioo cha jicho na maumivu. Kope likikwaruza, kidonda kikiingia au kikirudi, rangi nyeusi au kovu likianza kutambaa juu ya kioo, mbwa akiishi amekodoa jicho moja na kufumba jingine, basi pasua, na usichelewe. Kama ni ulegevu tu na machozi, jicho liko wazi na kioo kinang'aa, basi subiri, ila usubiri ukiwa unatazama.

Na wewe mwenye mtoto wa mbwa usikubali haraka. Uso wa mtoto wa buldogi bado unakua, na kope la miezi mitatu si kope la mwaka mmoja. Kwa huyo yapo mashono ya muda, yanayolivuta kope nje mpaka uso utulie. Ukikata ngozi mapema au ukikata nyingi, kope litageukia nje, na utakuwa umenunua ugonjwa wa pili. Kadhalika ile tezi ya kope la tatu inayochomoza kama tunda jekundu kwenye kona ya jicho: usikubali ikatwe na kutupwa kwa kuwa tu ni rahisi. Inatengeneza sehemu kubwa ya machozi. Irudishwe mahali pake na kushonwa. Wala usitie jichoni dawa iliyobaki ya mtoto wako. Dawa nyingine za kupunguza uvimbe, zikikutana na kidonda cha jicho, hukichimba. Jicho likifumba ghafla au likiingia ukungu, nenda siku hiyo hiyo.

Bessie alipasuliwa wiki tatu baadaye. Walikata kipande chembamba cha ngozi chini ya kope, umbo la mwezi mchanga, wakashona. Niliogopa dawa ya usingizi kuliko kisu, kwani mbwa wa pua bapa hupumua kwa shida hata akiwa macho, na bingwa hakulificha hilo. Walimwachia mpira wa kupumulia mpaka alipoamka kabisa. Siku kumi alivaa kola ya plastiki akigonga kila mlango. Siku ya kumi na moja alilala kifudifudi juani, macho yote mawili wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kovu dogo lilibaki kwenye kioo, mahali palipokuwa na doa. Lile ni la miezi yangu minne.

Gharama ilikuwa karibu paundi 900. Mdogo wangu wa kike alipigiwa habari hizo na mtu, naye akanipigia mimi. "Kaka," alisema, "Bibi alikufa na jicho moja, wewe unampasua mbwa?" Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali lake ni la haki. Leo namjibu. Ndiyo, dada yangu, ni dunia mbovu ambayo jicho la mbwa wa Birmingham hufikiwa mapema kuliko jicho la mama wa Kongwa. Lakini Bibi hakupofuka kwa sababu mbwa fulani alitibiwa. Alipofuka kwa sababu sisi tuliomzunguka tuliyazoea maumivu yake mpaka tukayapa jina la uzee. Mtu akijifunza kupita mbele ya jicho linaloumia bila kusimama, hachagui tena ni la nani.

Na bado sijafika kwenye ubaya wenyewe. Vikope vya Bibi vililetwa na vijidudu na uhaba wa maji. Hakuna binadamu aliyevitaka. Kope la Bessie lilitakwa. Watu walipenda uso uliokunjamana, wakachagua mikunjo, wakazalisha mikunjo, kizazi baada ya kizazi. Mapigano ya mbwa na mafahali yaliyompa buldogi jina lake yalipigwa marufuku Uingereza mwaka 1835, lakini ukatili haukuisha, ulihamia usoni mwake. Mwaka 2012 hapa hapa Birmingham, katika maonyesho ya Crufts, washindi wa aina 15 za mbwa walitakiwa kwanza kupimwa na daktari asiyeegemea upande. Sita walishindwa, na buldogi alikuwa mmoja wao. Mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College walitoa matokeo yao: buldogi wa Uingereza walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili ya mbwa wengine wa kupatwa na ugonjwa mmoja au zaidi kwa mwaka, na ule wa kuchomoza tezi ya kope la tatu ulikuwa zaidi ya mara 26.

Miezi michache baada ya upasuaji yule mzalishaji alinipigia simu. Alikuwa amesikia. "Sasa macho yamekaa vizuri," alisema, "tumpandishe, tugawane watoto." Alikuwa na maana kwamba kovu halitaonekana na mnunuzi hatajua. Nikamwambia kisu kimenyoosha kope la Bessie tu. Damu yake ni ile ile, na watoto wake wataizaliwa nayo. Akasema nisiwe na moyo laini, kwani buldogi ni kawaida yao.

Nilikata simu. Wiki iliyofuata nilimpeleka Bessie akafungwa kizazi. Alikufa mwaka 2018, mzee wa miaka tisa, akiona kwa macho yote mawili.