MAWAKILI WANA CHAMA, KARANI WAO ANAKATAZWA

Ndugu wafanyakazi,

Tazameni jinsi afisi ya mawakili inavyoendeshwa. Juu wako washirika, ambao majina yao yameandikwa mlangoni. Faida ni yao, na wanaigawanya wenyewe. Chini yao wako mawakili vijana wa mshahara. Chini kabisa tuko sisi: karani, mpiga taipu, tarishi. Karani ndiye ajuaye tarehe ya kila kesi. Tangu mwaka 2020 hati za mahakama za Nairobi hupelekwa kwa kompyuta. Katika afisi niliyokuwamo kazi hiyo aliongezewa karani yule yule, kwa mshahara ule ule.

Na mteja akichelewa kulipa, mshahara wa nani hungoja? Wetu. Mimi nimengoja mpaka tarehe 15, na juma lile lile mshirika mmoja alikuja na gari jipya.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza wakili kutoza chini ya bei iliyowekwa, ili wasiharibiane soko. Tena kila wakili anayetaka cheti cha kazi cha mwaka lazima awe mwanachama wa Chama cha Wanasheria. Chama, na kima cha chini! Hayo ndiyo tunayoyataka sisi, wala hatuwalaumu kwa kuwa nayo. Lakini karani akitaja chama huambiwa, "Hapa sisi ni jamaa moja." Jamaa gani hii, baba anakula nyama na watoto wanaonjeshwa mchuzi?

Wengine hujitetea kwamba sheria inamkataza wakili kugawana ada na asiye wakili. Ni kweli, kifungu cha 37. Lakini kifungu hicho hicho hakikatazi bonasi ya mwaka kwa mfanyakazi. Mbona hawasomi mpaka mwisho, nao kazi yao ni kusoma sheria?

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 inamkataza tajiri kumfukuza mtu kwa sababu hiyo, na inamlazimisha akitambue chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Wakiwa tisa, watano watosha.

Fomu ziko afisi ya tawi. Jumamosi tutakuwapo mpaka saa kumi. Zijazeni kwa kalamu, si kwa mashine ya tajiri.