Kuchelewa kwa Mtandao Magarini Kuna Mahali Pake

Hapa Magarini, katika afisi na maduka ya saiba kuanzia Sabaki hadi Marereni, na huko bara Marafa na Garashi, kuna jibu moja ambalo raia hupewa shughuli yake inapokwama, awe ni mzee anayefuatilia hati ya shamba, mama anayejisajili kwa bima ya afya, au kijana anayewasilisha hesabu za kodi katika siku za mwisho za Juni: "Mtandao uko chini." Jibu hili halina mwenyewe. Halisemi hitilafu iko wapi, imeanza lini, wala ni juu ya nani kuiondoa. Na madhali halina mwenyewe, kila mhusika hujitoa lawamani, na mnyonge hurejea kwake nauli imekwisha na haja haikutimia. Nadai kwamba jibu hilo lisikubaliwe tena, kwa sababu kuchelewa kwa mtandao ni jambo linalopimika, tena hupimika hatua kwa hatua, tangu meza ya mteja mpaka seva iliyoko Nairobi au ng'ambo.

Ala za kupimia zipo tangu zamani na hazina bei. Mnamo Desemba 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo iitwayo ping, ambayo hupeleka ujumbe mfupi kwa kompyuta ya mbali na kuhesabu muda mpaka jibu lirudi. Na kabla ya muongo ule kwisha Van Jacobson akaandika traceroute, inayofichua njia yenyewe. Kila ujumbe upitao katika intaneti hubeba tarakimu ambayo kila ruta, yaani mtambo wa njiani unaoupitisha, huipunguza kwa moja, na ikifika sufuri ruta huutupa ujumbe na kumwarifu aliyeupeleka. Jacobson aliitumia kanuni hiyo kama mtu anayetuma matarishi, wa kwanza kwa posho ya kituo kimoja, wa pili ya vituo viwili, wa tatu ya vitatu, ili kila posho inapokwisha mwenyeji wa pale alazimike kuandika kwamba tarishi amekomea kwake.

Lakini kipimo cha mara moja ni ushahidi dhaifu. Faida yapatikana pale vipimo vinapochukuliwa mchana na usiku na kuchorwa grafu, kila kituo na mstari wake. Tuseme duka moja la Gongoni limeacha kompyuta ikipima juma zima: mstari wa kwanza, wa ruta iliyo pale pale mezani, umelala kwenye milisekunde 2, wa pili, wa mtoa huduma, umelala kwenye 10 mchana kutwa, kisha baada ya magharibi, watu wanapokaa na simu zao, unapanda hadi 150, na mistari yote inayoufuata inapanda nao mpaka usiku wa manane. Hapo hapana haja ya kubishana. Msongamano uko baina ya duka na kituo cha mtoa huduma, wala seva ya serikali haina kosa. Na lau mistari yote ya kati ingelala, ukapanda ule wa mwisho peke yake, lawama ingehamia upande wa wenye seva.

Anayesoma grafu hizi sharti awe na insafu. Ruta nyingi huyaweka nyuma majibu ya vipimo, kwa kuwa kazi yao hasa ni kupitisha shehena za watu. Basi kituo cha kati kikionekana kimechelewa, ilhali vilivyo mbele yake havikuchelewa, hicho hakina hatia. Uchelewaji wa kweli ni ule unaoendelea mpaka mwisho wa safari.

Wapo watakaosema kwamba sisi tuko mbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 100 za njia zahitaji milisekunde 1 kwa kwenda na kurudi. Na kutoka Malindi kupitia Mombasa hadi Nairobi ni kadiri ya kilomita 600. Umbali basi wadai milisekunde 6 tu. Zinazozidi hapo ni kazi ya mitambo, ya msongamano, au ya njia iliyopinda, na nchi hii imekwisha kuona njia iliyopinda ilivyo na gharama. Kabla ya kuwapo KIXP, kituo cha Nairobi ambapo watoa huduma hubadilishana shehena zao, barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake mwenye mtoa huduma mwingine ilipandishwa setilaiti, ikaenda ng'ambo, ndipo ikarudi. Kituo kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, Telkom Kenya ikakishtaki, kikafungwa kwa amri katika majuma mawili hivi, kikafunguliwa tena Februari 2002. Na uchunguzi uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa uchelewaji wa shehena iliyobaki nchini ulitoka kwenye milisekunde 200 hadi 600 ukashuka hadi baina ya 2 na 10. Haikusogezwa nyumba hata moja. Ni njia iliyonyooshwa, na tarakimu ndizo zilizoonyesha faida yake.

Na hata njia iliyonyooka hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini upande wa kusini, wananchi wa Kenya na Tanzania walijua kwa sababu habari ilienea ulimwenguni. Mkongo ukikatwa na tingatinga la barabara hapa kwetu, nani atatutangazia?

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ya Kilifi na kwa Mamlaka ya Mawasiliano ni dogo. Kila afisi ya umma na kila shule iliyounganishwa Magarini iwekewe kompyuta ndogo ya kupima njia ya kwendea seva zinazotumiwa na wananchi, na grafu zake ziwe wazi kwa mtu yeyote kuzitazama. Mkataba wa mtoa huduma utaje kiwango cha kuchelewa, usitaje kasi ya megabiti peke yake, kwani bomba pana lenye uchelewaji mkubwa halimfai anayejaza fomu yenye kurasa kumi. Kupima si jambo la kigeni katika kaunti ndogo hii ambayo Ngomeni yake ilirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, na ambako setilaiti iliyoitwa Uhuru iliondoka tarehe 12 Desemba 1970 na kufuatiliwa angani. Na kumbukumbu za grafu hizo zihifadhiwe mwaka mzima bila kufutwa, ili siku ya kuhuisha mkataba ziwekwe mezani mbele ya mtoa huduma, naye aulizwe habari za kila jioni ambayo mstari wake ulipanda.