Msimwite Jimmy Mzigo

Saa nane usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, tulikuwa watu saba tumejibana kwenye chumba kimoja cha hosteli, macho yote kwenye kompyuta mpakato ya jirani yangu, bando tumechangishana. Kule Las Vegas ilikuwa bado Jumamosi jioni. Pambano la kwanza la WrestleMania 41 lilikuwa kati ya Jey Uso na Gunther, na Gunther alipogonga mkono kukubali kushindwa, chumba kililipuka. Hata mimi niliruka. Halafu jamaa mmoja, msomi mwenzangu, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Mnaona? Angeachana na ndugu yake mapema angekuwa bingwa zamani. Jimmy alikuwa mzigo tu."

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ni pacha. Kwetu Usukumani anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayefuata huitwa Doto. Mimi ndiye Doto. Sentensi ile nimeisikia tangu chekechea. Yanayobadilika ni majina tu.

Usiku ule nilijibu kwa hasira, na nikajibu vibaya. Leo nimetulia. Hoja yangu ni kwamba wapo wanamieleka ambao kipaji chao ni cha mieleka ya wawili wawili, kama vile yupo kipa na yupo mshambuliaji. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amefeli kwa sababu hajavaa mkanda peke yake ni sawa na kumlaumu kipa kwa kutofunga magoli.

Najua, matokeo ya mieleka hupangwa. Tulilijua hilo tangu enzi za kibanda umiza, tukiwa tumekalia mabenchi ya mbao tunatazama CD za mapambano ya zamani, na bado tuliendelea kutoa kiingilio. Asiyependa tamthilia kwa kuwa mwandishi anaujua mwisho, hilo ni tatizo lake. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: nani anaisimulia hadithi vizuri, na kwa kutumia nini?

Hadithi ya jozi ina umbo lake. Wanne wanapambana, lakini wanaoruhusiwa kuwa ulingoni ni wawili, mmoja kila upande. Mwenzake anasimama nje ya kamba, kwenye kona, na haingii mpaka aguswe mkono. Wabaya wanafanya kazi moja: wanamkata mmoja na kona yake. Wanamburuta upande wao, wanapokezana kumpiga, huku mwenzake kule ng'ambo anapiga miguu na kunyoosha mkono. Yule anayepigwa anatambaa. Vidole vinabaki nchi mbili. Anavutwa mguu, anarudishwa. Ukumbi mzima unalia. Na siku mkono unapogusa mkono, anayeingia anaingia kama mvua ya kwanza ya masika.

Sasa niambie, katika hadithi hiyo nani ndiye steringi? Miaka ya 1980 alikuwepo kijana aitwaye Ricky Morton, mwembamba, mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, ambaye pamoja na Robert Gibson waliitwa Rock 'n' Roll Express. Kazi ya Morton ilikuwa kupigwa. Alipigwa vizuri kuliko mtu yeyote Marekani, kiasi kwamba hadi leo wanamieleka wanalitumia jina lake kama jina la kazi yenyewe: wewe leo ndiye Ricky Morton. Kazi ya Gibson ilikuwa kusubiri, kisha kuingia. Wapo wanaodhani kusubiri ni kukaa bure. Jaribu kusimama dakika kumi bila kufanya kitu, mbele ya maelfu ya watu, na uwafanye wote watamani uguswe. Mwaka 2017 wawili hao waliingizwa pamoja kwenye ukumbi wa heshima wa WWE. Hakuna aliyeuliza nani kati yao alikuwa mzigo, na kama wapo waliouliza, hawakuwahi kuona mapambano yao.

Hoja ya pili ni ya ufundi. Zipo silaha ambazo haziwezi kushikwa na mtu mmoja. Hawk na Animal, wale Road Warriors, walimalizia mechi kwa Animal kumbeba mpinzani mabegani na Hawk kumrukia kutoka juu ya kamba. Dudley Boyz walikuwa na 3D: D-Von anamrusha mtu hewani, Bubba Ray anamdaka shingo na kuanguka naye. Mwaka 2002 WWE iligawa wanamieleka wake katika makundi mawili, na Dudley Boyz wakatenganishwa, Bubba akaenda Raw, D-Von akaenda SmackDown. D-Von akageuzwa mchungaji wa kwenye luninga. Nguvu zao walikuwa nazo bado, uzoefu walikuwa nao, lakini 3D haikuwepo tena duniani, kwa sababu nusu yake ilikuwa kwenye kipindi kingine. Mwaka haujaisha, kwenye Survivor Series ya Novemba, walirudishwa pamoja. Pauni ya mkasi ukiigawa hupati visu viwili. Unapata vyuma viwili visivyokata.

Hoja ya tatu ni ya tabia, na mfano wangu ni New Age Outlaws. Kabla hawajaunganishwa mwishoni mwa 1997, Road Dogg na Billy Gunn kila mmoja alikuwa akihangaika kivyake. Gunn alikuwa amebandikwa jina la Rockabilly, na hakuna aliyekuwa akimngojea. Road Dogg alikuwa na mdomo. Billy Gunn alikuwa na mwili. Walipounganishwa, watu walianza kuyakariri maneno ya Road Dogg na kuyasema naye ukumbi mzima. Kisha likaja lile wazo la kila siku: huyu mrefu tumtoe, awe nyota peke yake. Mwaka 1999 Gunn akapewa ushindi wa King of the Ring, akapelekwa SummerSlam kukabiliana na The Rock, akashindwa, na mpango mzima ukafa taratibu. Januari 2014, wakiwa watu wazima kabisa, Outlaws walitwaa tena mkanda wa jozi. Kilichodumu ni kile walichokuwa nacho wakiwa wawili.

Najua mtakachosema. Mtasema Bret Hart alitoka kwenye Hart Foundation akawa bingwa wa dunia. Mtasema Edge. Mtasema hata Bubba Ray mwenyewe, ambaye kwa jina la Bully Ray alikuja kuwa bingwa wa TNA mwaka 2013. Ni kweli, na sibishi. Wapo wanaoweza yote mawili, kama vile wapo washairi wanaoandika riwaya nzuri. Ninachokataa ni kuifanya jozi iwe shule ya msingi, mahali ambapo mwenye akili anafaulu na kuondoka, na anayebaki anahesabiwa amerudia darasa.

Halafu mtasema Jannetty. Mashabiki wa mieleka wana tusi hilo: katika kila jozi yupo Shawn Michaels na yupo Marty Jannetty, yaani yupo atakayeng'aa na yupo atakayesahaulika. Wawili hao waliitwa The Rockers, hadi mwanzoni mwa 1992 Michaels alipomgeuka mwenzake kwenye kipindi cha Barber Shop na kumrusha kwenye kioo. Tangu hapo jina la Jannetty ni kichekesho. Wanaocheka hawasemi kwamba Mei 1993, kwenye Raw, Jannetty huyohuyo alimshinda Michaels na kumvua mkanda wa Intercontinental. Wala hawajiulizi swali la haki: tunamcheka mtu kwa sababu alirushwa kwenye kioo, na aliyemrusha tunamwita mwenye kipaji?

Na hapa ndipo napotaka kumjibu jamaa wa hosteli kwa ukamilifu. Ushindi wa Jey ulijengwaje? Wiki chache kabla ya Las Vegas, Gunther alimfunga Jey kwenye kamba, kisha akampiga Jimmy mbele ya macho yake hadi damu zikatoka. Itazame tena picha hiyo. Mmoja anapigwa. Mwingine yupo kwenye kamba, anatazama, hawezi kuingia. Ni Morton na Gibson. Usiku wa Pasaka ulikuwa ule mkono unaogusa mkono, umecheleweshwa wiki kadhaa. Mlichoshangilia ni mieleka ya jozi, ila mmoja wao hakutajwa kwenye tangazo. Na mkanda ule Jey hakukaa nao hata miezi miwili. Juni Gunther aliuchukua tena. Wakiwa wawili, pacha hawa walishika mkanda wa SmackDown siku 622, na tarehe 1 Aprili 2023 walipoupoteza kwa Kevin Owens na Sami Zayn, lilikuwa pambano la kwanza la mikanda ya jozi kufunga usiku wa WrestleMania. Sasa mtu aje aniambie kilele chao kilikuwa kipi.

Tena nitaongeza la mwisho kuhusu mchezo wenyewe. Mieleka hii ya kulipwa haina pambano la mtu mmoja. Unayemwona akimbeba mwenzake juu na kumbwaga anasaidiwa na yule anayebebwa, ambaye ameruka kwa wakati na ameshika kichwa chake vizuri. Mahasimu wawili ulingoni wanalindana shingo. Kila bingwa wa peke yake amepandishwa na mtu aliyekubali kuanguka. Mieleka ya jozi haifichi jambo hilo, na ndiyo maana naiheshimu.

Nimesema mimi ni Doto. Utotoni Mwanza, tulipokuwa tukiigiza 3D juu ya godoro la sponji tulilolitoa nje bila ruhusa ya mama, Kulwa ndiye aliyekuwa akipigwa. Alijua kuanguka. Aliwahi kuanguka hadi mama jirani akaacha kuchambua dagaa na kuja mbio akidhani mtoto kafa. Mimi niliingia mwishoni, nikawafagia watoto wote wa mtaa, nikashangiliwa. Tulipomaliza kidato cha sita baba alikuwa mgonjwa na pesa iliyobaki ilimtosha mmoja. Kulwa akasema nenda. Leo yeye ni fundi simu, na mimi niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili. Kwenye harusi moja mwaka jana mjomba alitutambulisha kwa wageni: "Huyu Doto ndiye msomi wetu. Na huyu ni pacha wake, yupo yupo tu mjini." Kulwa alicheka na kuendelea kugawa soda. Mimi nilikaa na ile "yupo yupo tu" hadi nikarudi nayo Dar.

Nilipomsomea Kulwa rasimu ya makala hii kwa simu, nilitegemea atanishukuru. Akanyamaza kidogo, nikasikia anafunga skrubu. Kisha akasema, "Sasa Doto, nani alikuambia mimi nilishindwa?"

Nikasema mjomba.

"Mjomba alimwambia mgeni. Wewe ndiye umeandika kurasa nne kunitetea."

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Inawezekana nami, kwa miaka hii yote, nimemhesabu kama aliyebaki kwenye kona, nikampenda huku nikimhurumia, na huruma hiyo ina undugu na kicheko cha hosteli. Kulwa hamngoji mtu amguse mkono. Ana meza yake, ana wateja wanaoingia wakimtaja kwa jina, ana vijana wawili anaowafundisha kazi. Ninachodai kwa ajili ya Jimmy nilipaswa kukidai nyumbani kwanza, na kwa sauti nyingine.

Mwezi ujao nitawasilisha tasnifu yangu. Ukurasa wa tatu una kichwa Tamko, na unanitaka nithibitishe kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe. Nitausaini, maana sentensi zote niliziandika mimi. Kulwa atakuwa kwenye ukurasa wa Shukrani, mstari wa pili, baada ya msimamizi wangu. Nimeupima mstari huo mara nyingi na kila mara naona ni mfupi.

Kwa ndugu zangu wa hosteli: mkilitafuta tena pambano lile la Pasaka, msianzie kengele inapolia. Rudini wiki kadhaa nyuma, pale Jey amefungwa kwenye kamba, kisha mwangalieni anayepigwa, namna anavyoanguka, namna anavyochelewa kuinuka. Halafu njooni chumbani kwangu mniambie yupi kati yao alikuwa akifanya kazi. Bando safari hii nitalipa mimi.